Dawa za Ng'ambo ya Mpaka: Unafuu Wake na Dhamana Yake

(Mhadhara uliotolewa baada ya swala ya Alasiri katika msikiti mmojawapo wa Kiseke, Mwanza)

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Taala), Mola wa walimwengu wote, ambaye hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), pamoja na aali zake, maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi siku ya malipo.

Ama baad. 

Mada yetu ya leo haikuzoeleka katika mimbari zetu. Tumezoea kuzungumzia swala, zaka, mirathi na malezi. Leo tutazungumzia vidonge. Na kabla hatujamnyooshea mtu yeyote kidole, tunaanza na nafsi zetu, kwa kuwa aliyekosea ndiye anayepaswa kusema kwanza.

Mama yetu mzazi ni mgonjwa wa shinikizo la damu wa miaka mingi. Kila mwezi anahitaji dawa, na kipato cha mwalimu wa madrasa mnakijua. Basi akatokea ndugu mmoja msafiri anayevuka mpaka mara kwa mara kwa shughuli zake za biashara, akatuambia kwamba dawa zile zile huko ng'ambo zinapatikana kwa nusu ya bei ya hapa. Tulifurahi. Tukampa fedha, akaleta. Na kwa kuwa jambo jema hulifichi kwa jirani yako, tukawaarifu wazee watano wa jamaa hii hii, wenye maradhi hayo hayo, tukakusanya fedha zao na kuwaagizia nao. Tulidhani tumefungua mlango wa kheri.

Baada ya miezi miwili mama akaanza kuona kizunguzungu, na siku moja akaanguka jikoni. Alipofikishwa hospitali shinikizo lilikuwa juu mno, kana kwamba hakuwa akitumia dawa yoyote. Daktari akauliza: dawa zenyewe ziko wapi? Tukazileta. Akazigeuza mkononi kwa muda mfupi tu. Namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi haikufanana na iliyopigwa kwenye karatasi za vidonge, na karatasi mbili za boksi moja zilikuwa na rangi mbili tofauti. Akatuambia tusimpe tena hata kidonge kimoja, akamwandikia nyingine.

Tukatoka pale kwenda nyumba kwa nyumba kwa wale wazee watano. Wanne tuliwakuta, tukawapeleka kupimwa. Wa tano alikuwa amekwishatangulia mbele ya haki wiki tatu kabla. Sisi wenyewe tulikuwa tumemswalia.

Ndugu zangu, hatusemi kwamba dawa ile ndiyo iliyomuua. Ajali ya kila nafsi iko kwa Allah, na maiti yule hakuna aliyempima. Lakini hatuwezi kusema pia kwamba haikuhusika. Tulikwenda kwa mjane wake, tukamweleza yote bila kuficha. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ustadhi, haya uliyoniambia mimi, nenda ukawaambie na wenzio." Hiyo ndiyo sababu ya kusimama kwetu hapa leo.

Kujitibu ni katika dini

Wapo wanaosema: mgonjwa akifa ni qadari tu, dawa iwe nzima au mbovu. Maneno haya hayatokani na mafundisho ya Uislamu. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha kujitibu. Na Khalifa Umar bin Al-Khattab (Allah amridhie) alipokuwa safarini kuelekea Sham akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Aliwataka maswahaba ushauri, kisha akaamua kurudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika qadari ya Allah na kuingia katika qadari ya Allah. Kuchukua tahadhari nako ni qadari.

Wanazuoni wametufundisha kwamba sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Anayetafuta dawa ya bei nafuu anahifadhi mali yake, na hilo si kosa. Kosa ni pale anapohifadhi mali kwa kuihatarisha nafsi, ilhali nafsi imetangulizwa mbele ya mali. Na Allah ametukataza katika Qur'an kujitupa kwenye maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa nini huko ni rahisi?

Sisi watu wa Mwanza tunaishi kwenye njia panda. Kaskazini mashariki basi linakupeleka Sirari, na ukivuka tu uko Isebania, Kenya. Magharibi, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, unavuka ghuba kwa dakika chache, unapita Geita na Biharamulo hadi Bukoba, kisha Mutukula, mlango wa Uganda. Na ziwa lenyewe lina mialo mingi kuliko vituo vya forodha. Kwa hiyo bidhaa zinapita, na dawa ni miongoni mwa bidhaa.

Tuwe waadilifu, kwani Allah ametuamrisha uadilifu. Si kila dawa ya ng'ambo ni mbovu. Kenya ina viwanda vya dawa vya miaka mingi. Uganda ina kiwanda kule Luzira, Kampala, kilichoanza kazi mwaka 2007, na dawa zake za kufubaza virusi vya UKIMWI na za malaria zimetambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Nchi hizo zina mamlaka zao za kudhibiti dawa kama sisi tulivyo na yetu. Bei inaweza kuwa chini kwa sababu za halali kabisa: kiwanda kiko karibu, wauzaji wa jumla ni wengi na wanashindana, au thamani ya fedha zetu na zao imepishana.

Lakini bei huwa chini pia kwa sababu zisizo za halali. Ya kwanza: dawa ni bandia, imetengenezwa kwa udanganyifu, ndani yake hamna kiambato kilichoandikwa, au kipo kingine. Ya pili: dawa ni duni, mtengenezaji wake ni wa kweli lakini haikufikia kiwango. Ya tatu: dawa ilikuwa nzima ikaharibikia njiani au kwenye ghala. Ya nne: dawa imekwisha muda wake, ikafutwa tarehe na kupigwa nyingine. Ya tano: dawa imeibwa katika hospitali za umma. Serikali zetu huziwekea dawa zake alama, za Tanzania herufi GOT na za Uganda maandishi kwamba ni mali ya serikali, haziuzwi. Mwenye kununua dawa yenye alama hiyo kwa mchuuzi amenunua kitu kilichochukuliwa mdomoni mwa mgonjwa maskini. Unafuu wake ni unafuu wa mali ya wizi.

Mnunuzi anayesimama kaunta ya mji asioujua, na zaidi anayemwagiza mtu mwingine, hana uwezo wa kutenganisha sababu ya halali na ya haramu. Anachokiona ni bei tu.

Yaliyotokea kwa jirani zetu na kwetu

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kumi ni duni au bandia. Huenda mtu akadhani hayo ni mambo ya mbali. Basi tutazame karibu.

Mwaka 2010 polisi wa kimataifa, Interpol, waliendesha operesheni iliyopewa jina la Mamba katika nchi tano za Afrika Mashariki: Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Zilikamatwa takriban tani 10 za dawa na bidhaa nyingine za tiba. Tani kumi, ndugu zangu, ni shehena ya lori.

Kati ya mwishoni mwa mwaka 2014 na katikati ya mwaka 2015, huko Ituri, mashariki mwa Kongo, jirani na Uganda, mamia ya watu walifikishwa hospitali wakiwa na mkazo wa shingo na uso, ndimi zimewatoka. Waganga walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walipewa vidonge vilivyoandikwa diazepamu, lakini ndani yake kulikuwa na haloperidoli, dawa nzito ya maradhi ya akili. Walioathirika zaidi walikuwa watoto, na baadhi ya wagonjwa walifariki.

Mwaka 2022, huko Gambia, watoto wapatao 70 walikufa kwa kuharibika figo, na vifo vyao vikahusishwa na dawa za maji za kikohozi zilizotoka nje ya nchi. Zilipopimwa zilikutwa na kemikali ya sumu inayotumika viwandani. Nchi hiyo haikuwa na maabara yake ya kupima dawa.

Na kwetu je? Mwaka 2012, mkoani Mara, ziligunduliwa dawa bandia za kufubaza virusi vya UKIMWI, tena ndani ya hospitali ya umma, si kwa mchuuzi. Tunalitaja hili ili asije mtu akasema ubaya wote uko ng'ambo. Dawa zile hazikugunduliwa na mpaka, ziligunduliwa na ukaguzi. Suala letu basi ni hili: je, dawa hii imepita mikononi mwa mkaguzi, au imempita pembeni?

Wakazi wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa thamani ya mkaguzi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na bandari yetu, ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa maji. Abiria aliyelala ndani hakuwa na macho ya kuona mzigo ulioko chini. Alikuwa akimtegemea aliyepewa jukumu la kuhesabu. Na mgonjwa mbele ya kidonge ni abiria yule yule.

Ukaguzi si jambo geni kwa Waislamu

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona lundo la chakula. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone, na akatangaza kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Tazameni, hakutosheka na sura ya juu ya lundo. Aliingiza mkono. Kutokana na mwenendo huo Waislamu waliweka wadhifa wa muhtasib, msimamizi wa masoko, na wanazuoni wakaandika vitabu vya kumwongoza. Al-Shayzari, aliyeishi Sham katika karne ya sita ya Hijria, aliandika kitabu cha hisba ambamo ametenga milango ya wauza dawa na watengenezaji wa dawa za maji, akifichua hila zao za kughushi na namna ya kuzitambua. Yaani zaidi ya miaka 800 iliyopita Waislamu walijua kwamba dawa haiachiwi uaminifu wa muuzaji peke yake.

Katika nchi yetu kazi hiyo ilikuwa ya TFDA tangu mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 ni ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua Tanzania kuwa nchi ya kwanza Afrika kufikia daraja la tatu la udhibiti wa dawa. Hatusemi kwamba wakaguzi ni malaika. Tunasema kwamba anayevusha dawa kwa njia za panya ameuondoa hata ule mkono unaoingia ndani ya lundo.

Dhamana ya anayeagiza na anayeuza

Hapa ndipo penye uzito wetu sisi. Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba mwenye kujifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mwenye kudhamini, yaani anawajibika kwa madhara yatakayotokea. Hadithi hii imo kwa Abu Dawud na wengineo, na Ibn al-Qayyim ameifafanua kwa urefu katika Zad al-Ma'ad.

Ndugu msafiri unayetuletea dawa, husemi kwamba wewe ni tabibu. Lakini unapomwambia mzee "hii ni ile ile", umetoa hukumu ya kitabibu. Unapobadilisha vidonge vya nguvu moja kwa vya nguvu nyingine kwa sababu vile havikuwepo dukani, umefanya kazi ya mfamasia. Na sisi tuliokusanya fedha tukagawa vidonge baada ya swala, tulikuwa tumefanya hivyo hivyo. Nia njema ilikuwepo, lakini nia njema haiondoi dhamana ya kilichoharibiwa. Hili tunalifundisha madrasani katika babu za fiqhi, kisha tukalisahau tulipoona nusu bei.

Zingatieni pia insulini ya wagonjwa wa kisukari. Inahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa. Ikikaa siku mbili kwenye begi juu ya basi, kwa jua la njiani, inaweza kupoteza nguvu na rangi yake isibadilike. Hapo hakuna aliyeghushi, dawa ilikuwa halisi, na mgonjwa anadhurika vile vile. Na dawa za malaria zenye kiambato pungufu haziponyi, bali huwapa vimelea nafasi ya kuzoea dawa. Mwaka 2024 watafiti walichapisha ushahidi wa usugu wa kiasi dhidi ya atemisinini katika wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Hiyo ni ng'ambo tu ya ziwa letu.

Tufanye nini?

Kwanza, aliye na dawa za aina hii nyumbani asizitupe na asiache matibabu ghafla, kwani kuacha dawa ya shinikizo au ya kisukari ni hatari nyingine. Azichukue pamoja na boksi lake, aende nazo hospitali au kwa mfamasia, aeleze zilikotoka. Asione haya. Daktari wa mama yetu hakutufokea.

Pili, nunua famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani, na dai risiti. Tazama namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, ya boksi na ya karatasi ya vidonge, zifanane. Kidonge kinachomomonyoka, chenye harufu ngeni au rangi uliyokuwa huijui, kirudishe.

Tatu, kabla ya kuvuka mpaka kwa ajili ya bei, muulize daktari au mfamasia kama kiambato hicho hicho kipo hapa kwa jina jingine. Mara nyingi tunalipia jina la kiwanda, wakati dawa yenye kazi ile ile ipo rafu ya chini kwa bei ndogo. Na zipo dawa zinazotolewa bure katika vituo vya umma, kama za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI. Asiagize mtu kwa fedha kitu ambacho ni haki yake bila malipo.

Nne, aliyetibiwa Kampala au Nairobi akarudi na dawa zake mwenyewe, azibakize katika vifungashio vyake, awe na karatasi ya daktari, apite nazo mpakani waziwazi, na aulize TMDA utaratibu kabla ya safari. Kutii utaratibu uliowekwa kwa maslahi ya watu ni katika kuwatii wenye mamlaka katika mema.

Tano, nalo ndilo kubwa: tusimwachie maskini mawaidha matupu. Mzee asiye na fedha ya dawa akiambiwa tu "usinunue kwa mchuuzi", atanyamaza hapa msikitini kisha ataagiza kwa siri. Kwa hiyo tunapendekeza kwa kamati ya msikiti kuanzisha sanduku la dawa. Fungu la zaka la mafakiri na masikini lipo, na sadaka zipo. Mgonjwa alete karatasi ya daktari, na sanduku lilipe famasi moja kwa moja, bila mtu kupita na vidonge mfukoni. Na miongoni mwa dada zetu yupo aliyesomea ufamasia, amekubali kukaa kila Ijumaa baada ya swala kuzitazama dawa za atakayetaka. Sisi tumeanza kwa kuweka katika sanduku kiasi kile kile tulichodhani tumekiokoa kwa dawa za mpakani. Hatukukiokoa. Tulikiazima kwa afya ya mama yetu na ya wazee watano.

Ndugu zetu, Allah ametufahamisha kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Huenda nafsi hiyo ikawa ya jirani yako, na kazi yako isiwe zaidi ya kumwambia: lete boksi lako tulitazame.

Tunamuomba Allah amsamehe na kumrehemu mzee wetu aliyetangulia, awape subira mjane wake na watoto wake, atusamehe sisi tuliyoyafanya kwa ujinga, na awaponye wagonjwa wetu ponyo lisiloacha maradhi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.